Wiki tatu Kapchorwa au kubaki Kampala: ipi inamfaa mkimbiaji wa kilomita 21?

Mbio_Ntinda: Likizo ni wiki tatu, mbio ni za Kampala mwezi Novemba. Kuna njia tatu: kubaki hapa, kuhamia Kapchorwa, kule juu Mlima Elgon, moja kwa moja, au kulala Kapchorwa na kushuka Mbale, mji ulio chini ya mlima, kwa mazoezi ya kasi. Ipi inalipa?

Kocha_Sipi: Ya tatu. Kapchorwa ni kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mbale kama 1,150, na barabara kati yake ni lami. Ukiwa juu, shinikizo la hewa hupungua na damu hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo figo huongeza homoni inayochochea seli nyekundu. Homoni hupanda ndani ya siku mbili tu. Seli zenyewe huchukua wiki tatu hadi nne, ndiyo maana anayepanda kwa wiki moja hushuka na uchovu mtupu.

Elgon_Juu: Mbona Cheptegei na Kiplimo, mabingwa wetu wa mbio ndefu, hukimbia huko huko juu?

Kocha_Sipi: Ndugu, hao walizaliwa na kukulia mlimani; huwezi kuwalinganisha na likizo ya wiki tatu. Kwa mgeni, shida ya juu ni kasi. Miguu iliyozoea dakika 4 kwa kilomita Kampala huishia 4:10 au zaidi, na misuli husahau mwendo wa mashindano. Utafiti wa Levine na Stray-Gundersen wa 1997 ulionyesha hivyo: waliolala mita 2,500 na kufanya mazoezi mita 1,250 kwa wiki nne waliboresha muda wao wa mita 5,000, waliofanya yote juu hawakuboresha.

Muuguzi_Lira: Kabla ya kulipa nauli, pima feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini, si himoglobini peke yake. Himoglobini inaweza kuwa nzuri huku akiba ya chuma imekwisha. Feritini ikiwa chini ya nanogramu 30 kwa mililita, mwili hauna chuma cha kutosha cha kutengenezea seli, na mlima utakuchosha bure. Vidonge vya chuma umeze kwa ushauri wa daktari, mbali na chai kwa saa moja au mbili.

Mbio_Ntinda: Asanteni. Na ratiba, kocha?

Kocha_Sipi: Wiki ya kwanza mbio nyepesi tu, punguza kilomita kwa theluthi, kunywa maji hata bila kiu. Ukishindwa kuongea ukikimbia, umezidisha. Ya pili, shuka Mbale mara moja: mita 1,000 mara sita kwa kasi ya mashindano, pumzika dakika mbili kila moja, kisha urudi kulala juu. Ya tatu, mara mbili, ya mwisho iwe fupi. Feritini ikitoka chini, baki Kampala, tibu chuma kwanza na panda mwakani.