"Fold" ni kukunja tu, ama kuna zaidi?

MtafsiriKisauni:
Asalaam aleikum jamaa. Nafasiri kijitabu cha Kiingereza cha mafunzo ya kina mama: mapishi, ushonaji, na kurasa chache za biashara mwishoni. Neno "fold" limejaa humo. Nilianza kuandika "kunja" kila mahali, mpaka nikafika penye unga unaotiwa kwenye mayai kwa "fold". Sasa unga unakunjwaje? Mbele kidogo kuna faida iliyopanda "threefold", kuna duka lililofanya "fold", na kuna kondoo aliyerudi kwenye "fold". Hili ni neno moja lenye kazi nyingi, au ni maneno tofauti yaliyofanana sura? Na kwenye ushonaji, "fold" na "pleat" zinaachana wapi?

MwalimuGanjoni:
Waaleikum salaam. Ni maneno mawili, ndugu yangu. Ukishayatenganisha, nusu ya kazi imekwisha.

La kwanza ndilo la kukunja. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, lilikuwa "fealdan", na Wajerumani hadi leo husema "falten". Ukoo huohuo ndio uliotoa "-fold" ya mwisho wa neno: nguo iliyokunjwa ikawa na tabaka tatu ni "threefold", basi ikaja kuwa mara tatu ya kitu chochote. Hapo chunga hesabu. Faida ya shilingi 2,000 ikiwa "threefold" imefika 6,000, si 8,000. Na sababu zikiitwa "twofold" usiandike "mara mbili". Andika tu kwamba sababu ni mbili.

La pili ni zizi. Hilo lilikuwa "falod", ua wa kufungia mifugo, wala halina udugu na kukunja. Matamshi yalififia karne kwa karne mpaka yote mawili yakasikika sawa. Kwa hiyo kondoo wako amerudi zizini, basi. Hata wafasiri wakubwa neno hili limewasumbua: Yohana 10:16, Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema kutakuwa na "fold" moja na mchungaji mmoja, ilhali Kigiriki kinasema kundi, na William Tyndale alishaandika kundi tangu 1526. Biblia yetu ya Kiswahili iko upande wa Tyndale: "kundi moja na mchungaji mmoja".

"Blindfold" nayo ni mgeni aliyejipenyeza. Asili yake ni "blindfelled", yaani aliyepigwa upofu. Watu walipoona kitambaa kinakunjwa na kufungwa machoni, wakalinyoosha neno lifanane na wanachokiona.

Duka usihangaike nalo, limekunja jamvi. Msemo tunao.

MkateWaMayai:
Kwenye mapishi, tafadhali bibie au bwana, usiandike "kunja". Pia usiandike "koroga", hiyo ni mbaya zaidi. Wapishi husema kuchanganya kwa kupindua.

Chukua mkate wa mayai wenyewe, maana bila hatua hii hautoki. Mayai 6 na sukari kikombe 1 hupigwa mpaka yawe povu zito jeupe. Ukiinua mchapo, linadondoka kama utepe na ule utepe unakaa juu sekunde chache kabla ya kuzama. Unga kikombe 1 uchekeche pamoja na iliki, kisha uunyunyize juu kwa mafungu matatu, usiumwage wote. Shika mwiko mpana kwa ubapa, uzamishe katikati hadi chini, ukwangue sakafu ya bakuli, upandishe mwiko ubavuni, umwage kile ulichobeba juu ya kingine. Zungusha bakuli robo, rudia. Ule mchanganyiko unaolazwa juu ya mwenzake ndio Mwingereza aliouita "fold".

Koma mara tu michirizi ya unga inapopotea. Ukiendelea, mapovu yanapasuka, na hewa ile ndiyo hamira ya mkate huu, hauna nyingine. Unga nao ukisumbuliwa sana hutoa mnato, mkate ukatoka umelala na unavutika kama mpira. Kosa la pili ni la woga: mtu anapindua juujuu tu, unga unabaki chini mabonge mabonge, unaukuta kwenye kipande cha mgeni.

Na sambusa, ikiwa zimo kwenye kijitabu, Kiingereza kitasema "fold" lakini sisi twafunga sambusa.

FundiMwembeTayari:
Upande wa nguo.

"Fold" ni mkunjo wowote, hata wa kuweka kabatini. "Crease" ni alama inayobaki baada ya mkunjo, iwe umeitaka (mstari wa pasi kwenye suruali) au hukuitaka. "Pleat" ni rinda: mkunjo uliopimwa na kushikiliwa kwa mshono.

Rinda la upande mmoja hula kitambaa mara tatu. Likionekana sentimita 4 kwa nje, chini yake zimejificha 8. Kiuno cha sentimita 72 kina marinda 18, na 18 mara 12 ni 216, bado hujaweka za mishono. Kwa kitambaa cha upana wa 150 unahitaji vipande viwili viunganishwe, na kiungo lazima kiangukie ndani ya rinda. Kikitokeza usoni, sketi ya shule inaonekana ina kovu. Ongeza pia kwamba pamba tupu husahau marinda ikifuliwa. Iliyochanganywa na polyester huyashika.

Kukunja pindo: kunja sentimita 1, piga pasi, kunja tena 2, ndipo upitishe cherehani. Ukikunja mara moja tu, ukingo uliokatwa unabaki wazi na nyuzi zinachomoka.

Gereji_Changamwe:
Kumbe "manifold" ya gari ni hiyo hiyo "-fold"! Mabomba mengi kwenye kipande kimoja.

MwalimuGanjoni:
Ndiyo, "many" na "-fold". Na "pleat" aliyoitaja fundi imetoka Kilatini, "plicare", kukunja. Imepitia Kifaransa, na "plait" ya kusuka nywele ni neno lilelile kwa tahajia nyingine. Ndugu zake ni wengi: "ply" ya plaiwudi, yaani tabaka, na hata "reply" mnayoibonyeza hapa, ambayo kwa Kilatini ilikuwa kukunja kurudi nyuma. Ile "ply" ya magazeti yetu ya Kiingereza, yaani matatu kwenda na kurudi njia moja, kama za Likoni na Ukunda, ni kifupi cha "apply", nayo mzizi wake ni uleule. "Diploma" ni ya Kigiriki: hati iliyokunjwa ikawa tabaka mbili.

Ukikuta "unfold", tazama kinachofunuliwa. Mkeka unakunjuliwa, habari inajitokeza. Sisi tumelipeleka mpaka moyoni: anayepokea wageni kwa moyo mkunjufu, moyo wake umekunjuka.

MtafsiriKisauni:
Nimeelewa, shukrani. Limebaki moja, Fundi: maelekezo ya blauzi yanasema kipande cha mbele kikatwe "on the fold". "Kata kwenye mkunjo" yatosha?

FundiMwembeTayari:
Hapana! Mwanafunzi atapitisha mkasi palepale kwenye mkunjo, apate nusu mbili badala ya kifua kizima. Mkunjo ndio mahali pasipokatwa. Na mwingine ataongeza sentimita za mshono upande huo, blauzi itoke pana katikati na shingo ikae wazi. Andika hivi: "Kunja kitambaa mara moja kiwe tabaka mbili, uzi wa urefu ukienda sambamba na mkunjo. Laza upande ulionyooka wa karatasi ya kukatia juu ya ukingo wa mkunjo, bila kuongeza nafasi ya mshono. Kata pande nyingine zote; upande wa mkunjo usiuguse."