Naomba ushauri: nizungumzeje na wanafunzi kuhusu seli zinazocheza mchezo wa video?

Ndugu zangu, mwaka 2022 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza kwamba seli za neva zipatazo 800,000, za binadamu na za panya, zilizokuzwa maabara juu ya elektrodi (vipande vidogo vinavyopitisha umeme), zilijifunza kucheza Pong, ule mchezo wa zamani wa kurudisha mpira kwenye skrini. Zilipoukosa mpira zilipokea mapigo ya umeme yasiyo na mpangilio. Zilipoupata, mapigo yalikuwa ya kutabirika, na hilo lilitosha kuzifanya zijirekebishe.

Nilipowasomea wanafunzi wangu wa kidato cha nne habari hiyo, darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa sababu kweli inachekesha. Kisha binti mmoja akauliza kama seli zile zilitamani kushinda. Nilimjibu kwamba kujirekebisha si lazima kuwe kuhisi, lakini swali lenyewe limenikaa moyoni, maana ubongo wangu nao umejengwa kwa seli za namna hiyo hiyo, ila ni nyingi mno.

Walimu wenzangu, nanyi mliosoma falsafa, naomba mnielekeze: mjadala huu nianzie wapi, ili vijana walichukulie swali hilo kwa uzito bila kuingiwa na hofu wala kupoteza furaha yao ya sayansi?