Mjadala: Ufilipino kufuta bajeti ya kuzuia mafuriko, ni sahihi?

Wakuu, hili tulijadili bila jazba.

Agosti 2025 Rais Marcos alianika orodha. Kati ya peso bilioni 545 zilizotengwa tangu Julai 2022 kwa miradi 9,855 ya kuzuia mafuriko, bilioni 100 zilichukuliwa na wakandarasi 15 tu. Akaenda Baliwag, mkoani Bulacan, kukagua ukuta wa mto ambao kwenye makaratasi umekamilika na zaidi ya peso milioni 55 zimelipwa. Hata tofali moja hakuliona. Septemba ikatangazwa: bajeti ya 2026 isiwe na fedha mpya za miradi hiyo, zitumike kwanza zilizobaki za 2025.

Novemba 4 kimbunga Kalmaegi, wenyewe wanakiita Tino, kikapiga kisiwa cha Cebu. Zaidi ya milimita 180 za mvua ndani ya saa 24. Mito Butuanon na Mananga ikavunja kingo, magari yakarundikana moja juu ya jingine mitaani, watu wakapanda mapaani kusubiri waokoaji. Waliokufa walipita 200, wengi wao wa Cebu. Gavana Pamela Baricuatro akahoji hadharani: peso bilioni 26 za kuzuia mafuriko zimeletwa hapa, iweje tuzame? Rais akatangaza hali ya maafa ya kitaifa, fungu la dharura likafunguliwa.

Mimi naona kufuta bajeti ni kumwadhibu wa bondeni kwa wizi wa mkandarasi. Wezi washtakiwe, mali zitaifishwe, lakini mitaro ichimbwe. Mnasemaje?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hapana. Mhandisi ni yuleyule aliyesaini kuta hewa, mbunge ni yuleyule aliyezipigia debe, halafu uwaongezee bilioni nyingine? Kwanza ijulikane ukuta upi upo na upi uko kwenye faili tu. Bila hivyo unapanga kitu gani? Na kumbuka Cebu ilizama wakati fedha zilishatoka. Bajeti ya 2026 haikuua mtu Novemba 2025.

Mchangiaji wa 2: Nyote mmeng'ang'ania kuta. Cebu ni kisiwa chembamba, milima iko katikati, maji yakianza kushuka hayachukui muda kufika mjini. Huko juu vilima vimekatwa wajengewe matajiri, huku chini nyumba zimesogea hadi ukingoni mwa mto. Ukuta wenyewe, hata ukiwa wa kweli, ukikaa pasipofaa unamsukumia jirani maji. Mimi nataka nijue nani aligonga muhuri kwenye vibali vya ujenzi kando ya Butuanon. Halafu watu wa kaskazini mwa Cebu walikuwa bado kwenye mahema baada ya tetemeko la 6.9 la Septemba 30, wanakimbilia wapi?

Mleta mada: Hoja ya vibali naipokea, na nadhani ina uzito kuliko yangu. Ya kusubiri ukaguzi siipokei. Nchi inayopitiwa na vimbunga takribani 20 kwa mwaka haina likizo: Novemba 9, Cebu wangali wanakomba tope, kimbunga kingine, Fung-wong, kikatua kisiwa cha Luzon. Ukaguzi uende pamoja na kazi. Mkandarasi alipwe kwa kila kipande kilichosimama, wakazi wa mtaa wakishuhudia kipimo kabla hundi haijatoka. Mchangiaji wa 1, hapo mbunge wako anapenyea wapi?