Juisi ya pasheni imetoa povu na Jumamosi nina oda Kyela, naombeni ushauri

Binti Uyole: Habari za jioni wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Nina oda ya juisi ya pasheni lita 60, sherehe ya ubatizo Kyela. Jana usiku nilitengeneza lita 20 za kwanza, nikafunika ndoo vizuri. Leo asubuhi nafunua, povu limejaa juu, na ukitega sikio unaisikia inatokota taratibu kama uji ulioepuliwa sasa hivi. Nikionja inauma ulimi. Niongeze sukari au maji? Nimechanganyikiwa.

Mama Tukuyu: Pole mwanangu. Hiyo ni blenda. Kokwa zikisagika juisi inakuwa na ukakasi na vumbi jeusi linatuama chini. Kata pasheni, chota kwa kijiko, koroga kwa mwiko mpaka nyama iachie kokwa, ndipo uchuje. Tangawizi ichemshe na sukari, ipoe kabisa kabla ya kuchanganya.

Binti Uyole: Asante mama, lakini sikusaga kokwa. Shida yangu ni povu.

Mnyalu wa Ipogolo: Povu hilo Iringa tunalijua. Babu yangu Kilolo alikuwa mgema. Asubuhi anatupa watoto mtogwa mtamu, jioni uleule ni ulanzi, pombe ya mianzi, na wazee wanaimba. Peleka hivyohivyo, kwaya itachangamka!

Mtumishi: Ubatizo, ndugu yangu! Na watoto watakunywa. Vijana mnakimbilia oda kubwa kabla hamjaweza jagi moja.

Mzee wa Isyesye: Hii ni chai, uongo mtupu. Mbeya hii tunayolala na blanketi mbili, juisi ya jana usiku itokote leo asubuhi? Nimeuza juisi Mwanjelwa miaka sita. Hata jua la Novemba halijanifanyia hivyo.

Mnyalu wa Ipogolo: Kweli mzee, mbona haraka hivyo? Mtoa mada, picha.

Binti Uyole: Si chai jamani, nimeshapokea hela ya watu. Ila ndoo si yangu, niliazima kwa mama mkwe. Huwa anapikia komoni, ile pombe ya kienyeji. Niliisugua kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, haikuwa na harufu yoyote. Sikusema mwanzo kwa sababu sikutaka aonekane vibaya, amenisaidia sana.

Mama Tukuyu: Mwanangu! Chachu ya pombe inajificha kwenye mikwaruzo ya plastiki, sabuni haiifikii. Ikikuta sukari inaanza kazi. Na nahisi ndoo uliiweka karibu na jiko.

Binti Uyole: Pembeni ya jiko, ndiyo. Lakini nikiichemsha nikachuja, nikaongeza sukari kilo mbili, si itarudi? Pasheni nilinunua kwa advansi yao, na chupa 200 ziko ndani tayari.

Mama Tukuyu: Hairudi. Kuchemsha kutaua chachu, ila ile ladha ya kuchachuka itabaki, na harufu ya pasheni ndiyo itakayoondoka. Mwaga.

Mzee wa Isyesye: Kama ni ndoo ya komoni, nisamehe binti. Sikiliza sasa. Kyela ni chini ziwani, joto lake silo la Uyole. Usibebe lita 60 za juisi iliyokwisha changanywa. Kamua pasheni nzito bila maji, igandishe, ibebe ndani ya boksi la barafu. Maji yachemshwe kulekule, yapoe, uchanganye Jumamosi asubuhi. Pasheni zikipungua, ongezea machungwa ya Kyela.

Mtumishi: Na umwambie mwenye sherehe ukweli.

Binti Uyole: Nitampigia. Ndoo mpya nitanunua kesho alfajiri Mwanjelwa. Ila friji langu lina kijisanduku kidogo cha barafu, hakitoshi. Kuna mwenye friza huku, nikodi usiku mmoja?

Mzee wa Isyesye: Ninalo. Njoo inboksi.