Kibao cha enameli cha Ufaransa: nitajuaje ni cha zamani, na nikitundike vipi?

Swali (Mpenda_Vibao): Wadau, kuna kibao cha mtaa wa Paris kinauzwa, cha buluu, herufi nyeupe, fremu ya kijani. Muuzaji anasema ni cha zamani. Nikague nini kabla ya kulipa? Nataka kukitundika jikoni.

Fundi_Bati: Mkuu, anza na vidole. Enameli ni unga wa kioo uliochomwa juu ya bati la chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi, na kila rangi huchomwa kivyake. Pitisha ukucha kutoka kwenye buluu kwenda kwenye herufi: lazima ukwame kidogo. Ukiteleza tu, hiyo ni rangi iliyochapwa. Kisha tazama palipobanduka. Kwenye kibao halisi utaona ukingo mkali wa kioo, chini yake tabaka jeusi la kwanza, halafu chuma kilichogeuka kahawia iliyokolea. Kutu ya rangi ya chungwa iliyotapakaa sawasawa pande zote nne ni ya kutengenezwa. Pima pia: vibao vya mitaa ya Paris huwa na urefu wa sentimita 70 hadi 100. Vidogo vya kubeba mkononi ni vya watalii.

Mama_Mnada: Naongezea hapo: enameli ya kweli si ushahidi wa umri, maana karakana za Ufaransa bado zinachoma vibao vipya. Kwa vibao vya matangazo ya biashara, soma majina ya watengenezaji yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukingo wa chini, kama Émaillerie Alsacienne Strasbourg, Japy au Ed. Jean. Hayo nayo huigwa, kwa hiyo geuza nyuma. Matundu ya skrubu yasiyo na alama yoyote ya kuchakaa yanatia shaka. Mimi bei naikata kwa ufa uliopita katikati ya maandishi. Palipobanduka pembeni napavumilia, kwa kweli panapendeza.

Fundi_Bati: Kuhusu kutundika, hapa ndipo vibao vingi huharibika. Kioo hakipindi, chuma kinapinda. Ukikaza skrubu mno, enameli inapasuka kuzunguka tundu, unyevu unaingia, kutu inavimba na kuinua kioo zaidi. Tumia matundu yaliyopo, usitoboe mapya. Weka washa (kile kipete bapa cha skrubu) ya raba au nailoni mbele na nyuma ya bati, skrubu ya stenlesi, ukaze kwa mkono tu mpaka kibao kiache kucheza. Washa ya nyuma iwe nene, hewa ipite kati ya bati na ukuta. Kibao kilichobinuka katikati kiache hivyo hivyo, usikilazimishe kulala bapa.

Mpenda_Vibao: Na mafuta ya jikoni?

Mama_Mnada: Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kisha ukaushe papo hapo. Limau na siki weka mbali, asidi hufifisha mng'ao. Steeliwaya pia usiguse. Palipobanduka, ondoa kutu iliyolegea kwa kijiti cha mbao, kausha, upake nta nyembamba. Na usikiweke juu ya jiko lenyewe.