Shufwa na witiri katika besi ya tano

Mwalimu, Mbale: Ndugu walimu, ninafundisha besi za namba, na mwanafunzi ameniuliza kwa nini 12 katika besi ya tano (yaani tano moja na mbili, saba) ni witiri, haigawanyiki kwa 2, ilhali inaishia na 2. Nimweleze vipi bila kurudi kwenye besi ya kumi kila mara?

Jinja: Mwalimu, swali hilo lina thamani kuliko mazoezi mengi ya kugeuza besi. Kwa kuwa 5 ni witiri, 25, 125 na vipeo vyake vyote ni witiri, kwa hiyo kila tarakimu iliyo witiri, popote ilipo, huchangia namba witiri. Jumla ya tarakimu ikiwa shufwa, namba yenyewe ni shufwa. Chukua 242: 2 + 4 + 2 ni 8, na namba hiyo ni sabini na mbili.

Gulu: Naongeza kwamba jumla hiyohiyo hupima kugawanyika kwa 4, kwani kila kipeo cha 5 kikigawanywa kwa 4 hubakiza 1.

Mwalimu, Mbale: Nashukuru sana. Na besi ya sita?

Jinja: Huko tarakimu ya mwisho inatosha, kwa 2 na kwa 3 vilevile, kwa sababu zote mbili zinaigawa 6.