Wauza taiti wa Dodoma, mnatuuzia soksi ndefu kwa jina la taiti, halafu lawama mnaitupia miaka yetu

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, sasa nisikilizeni maana nimekasirika kwelikweli. Mods, msiupeleke uzi huu kule kwenye urembo na mitindo ukafie huko. Haya ni malalamiko ya mteja aliyetoa hela yake mfukoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Miaka yote ya kazi nimefundisha watoto wa kike kupima, kukata na kushona, na kitambaa nakijua kwa kukishika tu. Nipo hapa Dodoma, umri umeshapita sitini, na taiti navaa. Navaa chini ya gauni, navaa na shati refu la kitenge, navaa nikienda kwenye zabibu zangu kule Mpunguzi. Sioni aibu na wala siombi ruhusa.

Wiki iliyopita nimeingia duka moja mjini. Silitaji, kwa sababu tabia hii si ya duka moja. Nimeomba taiti nyeusi, nzito, ya kuvaa mchana. Kijana akanipa iliyofungwa kwenye nailoni. "Mama angu, hii pamba tupu, fri saizi, inavutika." Nikaomba niifungue niishike. Haifunguliwi mpaka ulipe, eti wateja wanachafua. Nikaomba kujaribu. Chumba cha kujaribia hakuna. Nimelipa elfu kumi na tano, nikaifungulia palepale mlangoni kwenye jua, nikaingiza ngumi ndani na kuivuta. Pete yangu ya ndoa ikaonekana. Kucha zikaonekana. Hata kovu la pasi nililonalo mgongoni mwa kiganja likaonekana. Ile si pamba, ni poliesta nyembamba ya kung'aa. Lebo hakuna. Mshono wa katikati ya mapaja umepigwa mstari mmoja tu wa cherehani ya kawaida, ambao kwenye kitambaa cha kuvutika uzi unakatika siku ya kwanza ukichuchumaa.

Nikarudi kaunta. Akaninyooshea kidole kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akaongeza, tena mbele ya wateja wengine: "Lakini mama na wewe, kwa umri huu si ungechukua dera tu?"

Hiyo kauli imeniuma kuliko hela. Mtu ameniuzia uongo, nimemwonyesha uongo wenyewe kwa mkono wangu, na jibu lake ni umri wangu! Na ndivyo tunavyofanyiwa kila siku. Mama anauziwa kitambaa cha kuonyesha chupi, anatoka nacho barabarani, watu wanampiga picha na kuandika "bibi huyu hana haya". Hakuna hata mmoja anayeuliza nani alimuuzia. Msichana wa miaka ishirini akivaa ileile anaambiwa amependeza, na kumbe naye inamwonyesha vilevile, ila yeye hakemewi.

Wasioishi huku labda hawaelewi kwa nini tunaitaka nguo hii. Dodoma ina upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba unavuma na vumbi lake, na ukikatiza pale Nyerere Square umevaa dera peke yake unashika pindo kwa mikono miwili, mfuko wa mboga ushikwe na nani? Asubuhi za Julai baridi inaingia magotini, na kwa umri wetu magoti ndiyo yanayoanza kulia. Bodaboda huwezi kupanda kwa heshima ukiwa na gauni bila kitu chini. Shambani wakati wa kupogoa zabibu ni kuinama na kuchuchumaa, na yale matawi makavu yanakwangua miguu. Taiti nzuri inanisitiri kwenye hayo yote. Anayesema mama mtu mzima na taiti haviendani aje ashinde na sisi shambani siku moja ya upepo.

Sasa njoo kwenye hiyo fri saizi, maana hapa ndipo penye wizi wenyewe. Hakuna mwili wa fri saizi, na wa mama aliyekoma hedhi ndiyo kabisa. Homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga na mapaja yanahamia tumboni. Misuli ya miguu nayo inapungua na umri. Kwa hiyo kiuno kimeongezeka, mapaja yamepungua, na wenye maduka wanatuletea taiti iliyokatwa kwa msichana mwenye kiuno chembamba na nyonga pana. Ukichukua inayoshika mapaja, lastiki inajikunja chini ya kitovu na kulikata tumbo vipande viwili. Ukichukua kubwa ili kiuno kipumue, inapwaya magotini, katikati inashuka, unatembea huku unaivuta. Kisha unajitazama kwenye kioo unadhani mwili wako ndio ulioharibika. Haujaharibika, mama yangu. Hakuna aliyeupima.

Dawa yake ipo na si siri. Kiuno cha taiti kiwe kipana, cha kitambaa tabaka mbili, kifike juu ya kitovu, badala ya ile lastiki nyembamba. Nyuma ikatwe juu kuliko mbele ili ukiinama isishuke. Katikati ya mapaja kiwekwe kile kipande kidogo cha pembe nne ili mishono minne isikutane sehemu moja na kuvutana. Mishono ipigwe ovaloki, ile cherehani ya nyuzi kadhaa ambayo mshono wake unavutika pamoja na kitambaa. Viwanda vinavyoshona nguo za mazoezi vinayafanya haya yote, yaani mwagizaji anayetaka kuyaagiza anayapata. Tatizo wanaagiza ya bei ya chini kabisa na kuja kutuuzia kwa bei ya nzuri.

Na huu uzi wa spandeksi tunaouziwa hovyo ulibuniwa hasa kwa nguo za kushika mwili. Mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont kule Marekani aliupata mwaka 1958, akiwa anatafuta kitu cha kuweka badala ya mpira kwenye nguo za ndani za kubana tumbo. Unavutika hata mara tano ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa. Pamba nzito yenye spandeksi asilimia 5 hadi 10 inashika tumbo bila kulibana, inanyonya jasho, na lile joto la ghafla la sisi tuliokoma hedhi linavumilika. Poliesta tupu inalifungia jasho ndani mpaka mapaja yanawasha. Kinachoniudhi ni kwamba nikienda kwenye mitumba nakuta taiti iliyovaliwa na mtu wa ng'ambo, ina lebo yake, pamba asilimia kadhaa, spandeksi asilimia kadhaa, saizi imeandikwa, na bado ni nzito. Hiyo mpya ya dukani haina hata jina la nchi. Mpya!

Na zile sanamu za dirishani, hebu mzunguke nyuma mtazame. Zimebanwa pini kuanzia kiunoni hadi gotini. Mteja anaonyeshwa kitu ambacho hata sanamu haikuenea.

Kwa kuwa najua yupo mama atakayesoma hapa akiwa ameambiwa na wanawe avue, niseme na namna ya kuvaa ipendeze. Jaribio la ngumi kwenye jua lifanyike kabla ya yote, na ukiona rangi ya ngozi acha hapohapo. Juu vaa kitu kinachofika katikati ya paja au chini kidogo. Kisiishie pale nyonga zilipopanuka zaidi, kwa sababu pindo likikatia hapo macho ya watu yanasimama hapohapo. Weka mpasuo pembeni wa urefu wa kiganja ili ukikaa nguo isijikusanye. Nusu ya kitenge cha yadi 6 inatosha shati la hivyo, na mwambie fundi asilibane kiunoni wala asiliachie kama gunia. Alishushe kutoka begani taratibu, lipite juu ya tumbo bila kuligusa. Fundi akikwambia "mama, tuweke na frili hapa kiunoni", kataa. Frili kiunoni kwa mwenye tumbo inaongeza tumbo.

Koti refu jepesi au kimono isiyofungwa inapendeza sana na taiti, kwa sababu ile mistari miwili ya mbele inashuka wima na kukurefusha. Mimi ninayo ya kitenge cha rangi ya udongo, nikiivaa juu ya blauzi nyeusi na taiti nyeusi, hakuna anayeniuliza umri. Rangi moja kutoka kiunoni hadi kiatuni inarefusha mguu, kwa hiyo kiatu kikaribiane na taiti: simpo nyeusi, au raba nyeusi kama unatembea. Taiti ifike kwenye kifundo cha mguu. Zile zinazoishia kwenye shavu la mguu zinaukata mguu palepale uliponenepa, na sisi wafupi tunazidi kuonekana wafupi. Za kung'aa achaneni nazo kabisa, mwanga unakamata kila mkunjo. Nyeusi, bluu iliyokolea, kahawia iliyokolea, zisizong'aa, zinatosha maisha yote.

Pasi usipige, maji ya moto usitumie, na usianike juani. Joto ndilo linalomaliza spandeksi, na jua letu la hapa mnalijua. Geuza ndani nje, fua kwa maji baridi, suuza vizuri maana maji yetu ya chumvi yanabakiza sabuni kwenye kitambaa, anika kivulini.

Msibani na kanisani navaa gauni, hilo sina ubishi nalo. Mkwe akibisha hodi naongeza khanga kiunoni. Hiyo ni adabu yangu niliyolelewa nayo, si ya kufundishwa na muuza duka aliyetoka kunidanganya.

Maana nchi hii mguu wa mwanamke tumeujadili muda mrefu sana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana, utekelezaji ukaanza Januari 1969; mimi nilikuwa mtoto mdogo, mama zetu ndio walioyaona. Juni 2021, hapahapa Dodoma, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, akatolewa nje ya ukumbi wa Bunge kwa ajili ya suruali aliyovaa, baada ya mbunge mwenzake mwanamume kulalamika. Miaka hamsini na zaidi imepita katikati. Muda wote huo aliyevaa ndiye anayesimamishwa. Aliyeagiza kitambaa kibovu, aliyekata bila kipimo, aliyesema poliesta ni pamba, hao hawajawahi kusimamishwa mbele ya mtu yeyote.

Kwa hiyo mimi nimeamua kuwasimamisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kumwambia mteja poliesta ni pamba ni kumpotosha, na maneno ya kwenye risiti hayageuzi uongo kuwa kweli. Malalamiko yangu nimeyaandika kwa ajili ya Tume ya Ushindani. Risiti ninayo, taiti ninayo, na ile nailoni yake ninayo. Msije hapa kuniambia "mama samehe, ni elfu kumi na tano tu". Kwa mstaafu elfu kumi na tano ni hela, na hata ingekuwa elfu mbili, nimeuziwa uongo.

Wenye maduka mnaosoma hapa, na najua mpo, wekeni lebo. Leteni saizi zinazofahamika, hata kama ni nne tu. Fungueni hiyo nailoni mteja ashike kitambaa. Wekeni pazia kwenye kona moja ya duka, hilo halihitaji mtaji. Na kijana wa kaunta mfundisheni kwamba mama akiuliza kitambaa anajibiwa kitambaa.

Waliouziwa kama mimi, wekeni hapa bei mliyolipa na mlichoambiwa kuhusu kitambaa, bila kutaja duka wala mtu. Nataka niambatanishe na barua. Na aliye hapa Dodoma anayeuza kwa mita pamba nzito yenye spandeksi ataje mtaa wake. Kadhalika fundi mwenye ovaloki anayekubali kushika futi na kumpima mtu, si kukisia kwa macho. Tupo kina mama kadhaa wa Nkuhungu, vipimo vyetu tumeshaviandika, tunakuja na hela mkononi.